Kitabu kilichowekwa juu ya kabati: Tusome tamthiliya za shule pamoja na watoto wetu

Msafiri anayeshuka kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa huiacha baridi ya milimani njiani. Afikapo Kyela hupokewa na joto, mashamba ya mpunga, migomba, michikichi, na harufu ya kakao iliyoanikwa uani. Wilaya hii inajulikana nchini kwa mchele wake, na inajulikana pia kwa mpaka wa Kasumulu, ambako Mto Songwe unatutenga na ndugu zetu wa Malawi na malori husubiri zamu ya kuvuka. Waislamu wa huku si wengi wakilinganishwa na jirani zao Wakristo. Wanaishi nao mtaa mmoja, wananunua soko moja, na watoto wao wanakaa dawati moja katika shule za sekondari za kata.

Ni katika nyumba moja ya familia hizo, baada ya swala ya Isha, tulipokutana na jambo lililotufanya tuandike makala haya. Binti wa kidato cha tatu alikuwa amekaa mkekani na kitabu chembamba mkononi. Baba yake, mfanyabiashara wa mchele, alikichukua kitabu kile, akafungua katikati, akasoma kurasa mbili, kisha uso wake ukabadilika.

"Hiki ndicho mnachofundishwa shuleni?"

"Ndiyo, baba. Ni cha fasihi. Mwalimu ametutaka tuandike sifa za wahusika watano na dhamira kuu."

Baba hakujibu. Alikifunga kitabu na kukiweka juu ya kabati. Binti akainamisha kichwa. Kimya kilipozidi, bibi, mama yake baba, aliyekuwa akivuta tasbihi pembeni, ndiye aliyesema:

"Mwanangu, umekisoma hicho kitabu?"

"Sikukisoma chote, mama. Kurasa mbili zimenitosha."

"Basi umemhukumu mtu kwa kumsikia akikohoa mlangoni. Hujamwona uso."

Kitabu hicho kilikuwa Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds iliyochapishwa na Macmillan Aidan mwaka 2006. Kwa miaka mingi imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne pamoja na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba na Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation. Tuliondoka nyumbani pale usiku ule tukiwa na swali moja: je, mzazi Mwislamu afanye nini na vitabu hivi? Avifungie, avipuuze, au avisome?

Hofu ya mzazi ina msingi

Tuanze kwa kumpa haki yake yule baba. Dini yetu imeifanya haya kuwa tawi la imani, kama ilivyothibiti katika hadithi sahihi za Mtume (rehema na amani za Allah ziwe juu yake). Mzazi anayeshtuka kuona habari za mapenzi ya siri, ulevi na zinaa katika kitabu cha mwanawe anashtuka kwa sababu moyo wake u hai. Ole wake mzazi asiyeshtuka na lolote.

Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo hofu peke yake haiyaondoi. La kwanza ni mtihani. Swali la tamthiliya katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne kwa kawaida humtaka mtahiniwa ajenge hoja kutoka katika tamthiliya mbili, akitaja wahusika na matendo yao kwa ushahidi. Binti aliyenyang'anywa kitabu atakwenda kuazima madesa ya mwenzake, akariri majina na sifa bila kuuona mchezo wenyewe.

La pili ni zito zaidi. Kitabu kikiwekwa juu ya kabati, mambo yanayosemwa ndani yake hayapandi kabatini pamoja nacho. Yanabaki njiani ambako mtoto hupita kila siku, na yanabaki katika simu za wenzake. Kitabu kilikuwa nafasi ya kuyazungumza mbele ya mtu mzima mwenye hekima. Kikiondoka, mtoto hubaki nayo peke yake.

Mhusika si mwandishi, na tendo si fundisho

Kosa la kwanza tunalolifanya wazazi wengi tunaposoma tamthiliya ni kudhani kwamba kila kinachotendwa jukwaani kinasifiwa. Mlevi akionekana, tunasema kitabu kinafundisha ulevi. Mwongo akizungumza, tunasema mwandishi ni mwongo. Lakini tamthiliya haina msimulizi anayekaa pembeni na kutuambia kila mara, "Huyu ni mbaya, msimfuate." Inawaweka watu mbele yetu, wanasema na kutenda, na sisi ndio tunaotakiwa kuhukumu. Ndiyo maana uchambuzi wake unahitaji akili iliyo macho kuliko masimulizi mengine.

Tuikumbuke Surat Yusuf. Ndani yake kuna husuda ya ndugu, kanzu iliyopakwa damu ya uongo, mwanamke aliyefunga milango ili amtamanishe kijana mwema, na mtu asiye na hatia aliyetupwa gerezani. Mwenyezi Mungu ameiita simulizi hiyo nzuri kuliko zote. Hatulinganishi maneno ya Mola na maandishi ya wanadamu, tunajikinga kwake na jambo hilo. Tunachojifunza ni kwamba kutaja uovu si kuusifu. Linaloangaliwa ni adabu ya kuutaja na mahali simulizi inapotufikisha.

Basi mzazi anapokipima kitabu ajiulize: uovu huu unaishia wapi? Unavikwa taji au unavuliwa nguo? Anayedhulumiwa anapata sauti? Akishajiuliza hayo kwa kitabu kizima, ndipo ana haki ya kutoa hukumu, iwe ya kukikubali au ya kukikataa.

Namna ya kumsoma mhusika

Walimu wa fasihi huwafundisha wanafunzi kumtazama mhusika kupitia milango kadhaa, na milango hiyo mzazi yeyote anaweza kuifungua hata kama hakusoma zaidi ya darasa la saba.

Mlango wa kwanza ni kauli yake: anasema nini, na anamwambia nani? Mtu mmoja anaweza kuwa mpole mbele ya mkubwa na mkali kwa mnyonge, na tofauti hiyo ndiyo tabia yake. Mlango wa pili ni matendo. Mhusika anayehubiri uaminifu huku akipanga njama amejieleza mwenyewe. Mlango wa tatu ni wanayoyasema wengine juu yake, ingawa hapo panahitaji tahadhari, kwani wasemao nao wana sababu zao. Mlango wa nne ni maelezo ya jukwaani, yale maneno mafupi yanayotuambia kwamba mtu amesita, ameangalia pembeni, au ametoka bila kuaga. Wanafunzi wengi huyaruka maelezo hayo, na hali ndani yake mara nyingi mna siri yote. Mlango wa mwisho ni mabadiliko: alivyoingia ndivyo alivyotoka?

Kuhusu dhamira, liko kosa moja ambalo wanafunzi hulirudia mno. Wakiulizwa dhamira ya Orodha, huandika neno moja: UKIMWI. Hilo ni jambo linalozungumzwa, bado halijawa dhamira. Dhamira ni kile ambacho mchezo unasema juu ya jambo hilo. Anayeandika kwamba hofu ya kuaibika iliwafanya watu wafiche ukweli ambao ungewaokoa amekaribia dhamira. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomtenganisha aliyesoma na aliyekariri.

Orodha: kijiji kinachoogopa karatasi

Furaha, msichana mdogo wa kijijini, amefariki kwa UKIMWI. Ameacha barua, na inajulikana kwamba katika barua hiyo imo orodha. Mama yake anataka isomwe hadharani kwenye mazishi, kama binti alivyotaka. Habari hiyo inapoenea, wanaume wa kijiji wanaanza kutetemeka. Katika hofu hiyo wamo Bwana Ecko, Salim, Juma na hata Padri James. Kila mmoja anadhani jina lake limeandikwa, na hofu inawasukuma kutafuta namna ya kuizuia barua isisomwe. Kisha tunarudishwa nyuma kuyaona maisha ya Furaha, alivyovutwa na starehe na marafiki, na jinsi watu wazima waliokuwa na wajibu kwake walivyomkosa.

Barua inaposomwa, orodha si ya wanaume. Ni ya mambo ambayo yangeweza kumkinga yeye, na ambayo yanaweza kuwakinga waliobaki.

Tumtazame kwanza Mama Furaha. Mwanafunzi anayekariri huandika kwamba ni "mama mwenye mapenzi" na kusonga mbele. Lakini upendo wake unapimwa pale ambapo aibu ya familia inashindana na ahadi aliyompa marehemu. Ahadi ni deni, na wasia wa maiti una uzito katika dini yetu kama hauna maasi ndani yake. Mama huyu anabeba wasia mbele ya kijiji kizima ilhali yeye mwenyewe hana uhakika barua ile itamletea nini. Huo ndio ujasiri wake, na ndio ushahidi ambao mtahiniwa anapaswa kuutaja.

Kisha tuwatazame wale waoga. Hapa msomaji wa dini yoyote huwa na jaribu lake. Msomaji Mwislamu anaweza kumwona padri katika kundi hilo akatabasamu kimoyomoyo. Msomaji Mkristo anaweza kuliona jina la Salim akafanya vivyo hivyo. Anayesoma hivyo amejiunga na kijiji kile kile kinachosubiri kwa hamu jina la mwingine litajwe. Surat al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza kukithirisha dhana, kupelelezana na kusengenyana, na tamthiliya hii inaonyesha jinsi mambo hayo matatu yanavyoweza kukitafuna kijiji kizima huku msiba ukiwa bado uani. Kwa familia zinazoishi mtaa mmoja na watu wa dini nyingine, kama zilivyo za Kyela, somo hilo lina thamani kubwa.

Jambo jingine ni mpangilio wa mchezo. Kwa kuanza na kifo, mwandishi ametunyima swali la "atapona?" Tukijua kwamba hatapona, tunalazimika kuuliza swali gumu zaidi: ni wapi ambapo mtu mmoja mzima angesema neno moja na mambo yakabadilika? Mzazi akisoma na kuweka alama kwa kalamu kila mahali anapopaona, atapata darasa ambalo hakuna semina inayoweza kumpa.

Ngoswe: amana iliyoteketea

Tamthiliya ya Semzaba, iliyotoka mwaka 1988, ni nyepesi kuisoma, na vijana huicheka sana. Ngoswe ni karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anafikia kwa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, mwenye wake wawili na mapenzi makubwa kwa pombe. Badala ya kuhesabu, karani anavutwa na Mazoea, binti wa mwenyeji wake. Penzi linakuwa kubwa kuliko kazi, na mwishowe karatasi za sensa zinateketea kwa moto.

Wanafunzi husema dhamira ni mapenzi, lakini jina lenyewe la kitabu limekwisha kutwambia kwamba penzi hapa ni kitovu tu, na uzembe ndio uliozaliwa nalo. Kwa lugha ya dini tunaweza kusema kwamba dhamira kuu ni amana. Taifa zima linapanga shule, zahanati na barabara kwa kutegemea karatasi alizobeba kijana mmoja. Tanzania imefanya sensa miaka ya 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na kila mara ilitegemea maelfu ya makarani ambao hakuna aliyewaona wakiwa ndani ya nyumba za watu. Mtume (rehema na amani za Allah ziwe juu yake) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Ngoswe ni mchunga aliyelala.

Mzee Mitomingi anastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko anavyosomwa. Ni rahisi kumcheka mlevi. Lakini yeye pia ni mchunga: wa nyumba, wa wake wawili, wa binti. Amempokea mgeni chini ya dari yake na hakuuona moto ulivyowaka mpaka ukawa umeunguza. Msomaji Mwislamu atakutana hapa na suala la mitala, ambalo vitabu vya uchambuzi mara nyingi huliorodhesha miongoni mwa "mila zilizopitwa na wakati". Watoto wetu wasiogope hoja hiyo wala wasiitupe. Waulize: je, kasoro ya nyumba ya Mitomingi ni idadi ya wake, au ni ukosefu wa uadilifu na uangalizi ambao sheria yetu imeufanya kuwa sharti? Mwanafunzi anayeweza kujenga hoja hiyo kwa ushahidi wa mchezo wenyewe amechambua kweli, na hakuna mwalimu mwadilifu atakayemnyima alama.

Tusimsahau Mazoea. Darasani hutajwa kama "kishawishi", kana kwamba ni mtego uliotegwa njiani. Hebu mzazi amsome kama binti yake. Mgeni msomi, mwenye kalamu na maneno matamu, ameingia nyumbani. Nani alimwandaa binti kwa siku hiyo? Nani alimfundisha kwamba anayemtaka mwanamke kwa heshima hupita kwa walii wake, na anayepita dirishani ana lake jambo? Tukiuliza hivyo, Mazoea hawi tena mtego. Anakuwa mtoto aliyeachwa bila ngao.

Kinjeketile: neno lisilorudi

Wazazi wengi walioko sasa hawakusoma Orodha. Walisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mtunzi aliyezaliwa kusini mwa pwani yetu mwaka 1943 na kuichapisha tamthiliya hiyo mwaka 1969. Tunaitaja kwa sababu hakuna mchezo wa Kiswahili unaofundisha vizuri kuliko huo namna mhusika anavyoweza kubadilika mbele ya macho yetu.

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Lakini Hussein alieleza waziwazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa. Katika mchezo, kiongozi huyu anayaunganisha makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa chuki. Kisha anagundua kwamba maneno aliyoyatamka akiwa katika hali ya kupagawa yalimtaja Seyyid Said, yaani yaliahidi watu wake bwana mwingine badala ya uhuru. Shaka inamwingia. Lakini neno limekwisha kutoka, watu wamelishika, na vita vinakwenda bila yeye. Mwishoni anatakiwa na mtawala akane nguvu ya maji, naye anakataa, kwa kuwa kukana kwake kungewavunja moyo hata wale watakaozaliwa baadaye.

Mwislamu hana haja ya kuamini mizimu wala maji ya uganga ili aelewe mchezo huu, na mwanafunzi wetu aelezwe hilo wazi: itikadi ya mhusika si itikadi ya msomaji. Anachokipata humo ni onyo juu ya ulimi. Barua ya Furaha iliwatetemesha watu kabla haijasomwa, na neno la Kinjeketile liliwapeleka watu vitani hata baada ya mwenye neno kulitilia shaka. Mzazi aliyesoma Kinjeketile na binti anayesoma Orodha wana mazungumzo ya usiku mzima, iwapo watakaa mkeka mmoja.

Nani alisema zamani, na nani anasema sasa?

Turejee Kyela. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951, Good Company, desturi ya vijiji vya rika. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walijenga vibanda vyao mbali kidogo na wazazi, wakakua pamoja na rika lao. Heshima kati ya vizazi ililindwa kwa umbali. Baba mkwe na mke wa mwanawe walikwepana kabisa. Pwani nako, mambo ya mwili hayakusemwa na mama kwa bintiye bali na somo au kungwi.

Mila hizo zilikuwa na dosari zake, na baadhi yake haziafikiani na dini yetu. Lakini tuone jambo moja: wazee wetu hawakunyamaza. Waligawana kazi. Mzazi alistahi, na mtu mwingine aliyeaminika alisema. Leo vijiji vya rika havipo, kungwi haitwi tena katika nyumba nyingi, na mzazi bado anastahi. Nafasi ya yule aliyekuwa akisema imebaki tupu, na simu imekaa ndani yake.

Gharama ya kimya hicho nyanda hizi zinaijua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulionyesha kwamba Mkoa wa Mbeya, ambao Kyela imo ndani yake, ulikuwa na maambukizi ya juu ya virusi vya UKIMWI kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara: zaidi ya watu 13 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Hali imekuwa nafuu tangu wakati huo na dawa zinapatikana, alhamdulillah. Lakini kila familia ya huku inalo kaburi ambalo sababu yake ilisemwa kwa sauti ya chini. Kijiji cha Furaha hakiko mbali na sisi.

Wala tusiseme kwamba dini ndiyo iliyotufunga midomo. Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Bibi Ummu Sulaym alimuuliza Mtume waziwazi juu ya josho la mwanamke, naye akajibiwa. Mtoto wetu katika madrasa hujifunza hedhi, janaba na alama za kubaleghe kwa maneno yenye staha. Tunayo lugha ya heshima ya kuyasema mambo haya, tuliyorithi pamoja na fiqhi. Tunachokosa ni kuitoa darasani na kuileta sebuleni.

Tuanzie wapi?

Tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha. Mzazi asome kitabu kwanza, chote, kabla ya kukipa ruhusa au kukizuia. Tamthiliya hizi ni fupi, na jioni mbili tatu zinatosha. Asiyeweza kusoma asomewe na mtoto kwa sauti, kwani tamthiliya iliandikwa isikike, na hilo nalo ni mazoezi mazuri kwa mtahiniwa. Mama akae na mabinti, baba akae na wavulana, pale panapohitaji staha zaidi. Shangazi au mjomba aitwe ikiwa mzazi ulimi unamgandia, maana hiyo ndiyo hekima ya wazee wetu. Baada ya kila onyesho liulizwe swali moja tu: mtu gani hapa angeweza kutenda vingine, na angetenda nini?

Walimu wa madrasa nao wasijitenge. Ustadhi anayejua kwamba vijana wake wanasoma Ngoswe shuleni anaweza kuutumia mfano wake anapofundisha amana. Na yule anayeona kwamba kitabu fulani kimevuka mpaka wa adabu, njia iko wazi: azungumze na mwalimu wa somo na kamati ya wazazi kwa hoja na kurasa mkononi. Malalamiko ya aliyesoma husikilizwa, na ya asiyesoma huchekwa.

Asubuhi ya pili tulipita kuaga katika nyumba ile. Bibi alitukaribisha chai na maandazi. Baba alikuwa uani akigeuza kakao, na kitabu hakikuwa tena juu ya kabati. Alituambia kwamba alikisoma baada ya Alfajiri hadi barua ile ya mwisho. Hakusema kama amekipenda. Alisema kwamba alimuuliza bintiye: kama ungeandika orodha hiyo wewe, ungeweka nini?

"Akanijibu nini?" alituuliza, kana kwamba sisi ndio tuliokuwepo. "Kasema angeandika, mtu wa kumuuliza."

Aliendelea kugeuza kakao kwa muda. Kisha akasema kwamba binti akirudi shule, jioni watasoma tena kutoka mwanzo, na bibi asikilize.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atufanye wachunga walio macho, awalinde watoto wetu, na azifanye ndimi zetu kuwa nyepesi katika yanayowanufaisha. Amin.